Nimemfanyia utani mwalimu wangu matangani, kumbe hatukuwa watani

Bi Warda mpendwa, shikamoo. Nakuandikia huku nimelikalia koti la marehemu, usishtuke, nitaeleza, ila kwanza nisaidie akili kwa sababu yangu imekwisha, leo ni siku ya ishirini na tisa, arobaini imebaki siku kumi na moja, na mimi bado sijui kama nitaingia nyumba ile kwa mlango wa mbele au ndiyo sitaingia tena maisha yangu yote.

Naitwa Swaumu, nina miaka thelathini na mbili, nina steshenari yangu hapa Kibiti, nadurufu vyeti na kuchapa barua za watu, lakini kwetu hasa ni bondeni, upande wa Mkongo, na sekondari nilisoma huko huko, na aliyenifundisha jiografia ni Mwalimu Abdulrazaq, Mungu amrehemu, ambaye sisi tulimwita Mwalimu Kontua. Sababu ya jina ni kitambi. Kwetu ni tambarare tupu, mtoto anamaliza shule hajawahi kuona mlima, sasa unamfundishaje kontua, ile mistari ya kwenye ramani inayoonyesha mwinuko? Mwalimu alikuwa anapanda juu ya meza yake, analala chali na koti lake la kahawia, anasema, "Huu ndio mlima pekee wilaya hii, njooni mpime," na sisi tunakuja na uzi na rula na chaki, tunamchora miduara juu ya shati, mmoja karibu na mkanda, mwingine juu yake, mwingine juu yake mpaka kitovuni, na yeye amefumba macho anauliza, "Mmefika mita ngapi?" na akipumua mlima unapanda na kushuka, tunafuta, tunaanza upya, na mwaka ule hakuna aliyekosa swali la kontua kwenye mtihani wa taifa. Na siku aliyotupeleka Nyamisati kuona mikoko akateleza akazama matopeni mpaka kiunoni, na koti lake, tukataka kumvuta akakataa, akasema, "Andikeni kwanza. Haya yanaitwa mashapo, yametoka Iringa huko yakaletwa na maji, na mimi nimekuja kuyapokea." Tukaandika, Bi Warda, mwalimu yumo matopeni na sisi tunaandika.

Sasa kuhusu utani, ule wa kabila na kabila. Siku ya kwanza kabisa alipoingia darasani, mwenzetu Twalibu, ambaye sasa anaendesha bodaboda hapa hapa Kibiti, alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, wewe kabila gani?" Mwalimu akasema, "Kwanza niambieni, ninyi hapa watani wenu ni akina nani?" Darasa zima tukajibu, Wanyamwezi. Akacheka, akasema, "Basi ndiye mimi huyo, na mtanikoma." Alikuwa amehamishwa kutoka Tabora, kwa hiyo nani angebisha? Toka siku hiyo ikawa ruhusa, yeye anatuita wala panya wa bondeni, sisi tunamwita mbeba mizigo, tukimwiga anavyotembea anageuka anatusahihisha, "Hapana, mguu wa kushoto naburuza zaidi."

Na baba yangu alipofariki, mimi nikiwa kidato cha tatu, Mwalimu alikuja matangani kwetu akavaa kanzu ya baba na kofia ya baba, akajikunja mgongo kama baba, akaanza kuzunguka uani akikagua kila kitu na kulalamika kwamba chumvi inaisha upesi mno, yaani baba mtupu, na mama yangu ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni siku mbili alicheka mpaka akaomba maji, kisha akaomba uji. Baadaye nilipobaki shambani, juu ya kichanja cha dungu, nalinda mpunga kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuulinda, alinifuata na mtumbwi, maji yamejaa, akakaa humo chini yangu akanisomea maswali kwa sauti na mimi namjibu huku nafukuza ndege, akanirudia hivyo Jumamosi nne, na ya tano akaja na mjomba wangu wa kushika nafasi yangu. Ndiyo maana leo naweza kukuandikia barua hii, isingekuwa yeye ningekuwa bado niko juu ya dungu.

Kwa hiyo alipofariki, mimi ningekaaje? Siku ya kuanua tanga nikamfuata mkewe, Bi Fatu, ambaye ni mtu wa hapa hapa Kibiti na kwangu ni mama wa pili, nikamwambia, "Mama, mimi ni mtani, nina haki yangu ya kumwiga marehemu," akaniangalia kidogo, akaingia ndani akatoka na koti la kahawia akanivisha mwenyewe kwa mikono yake. Nikachukua mto wa kochi nikaufunga tumboni na kanga, nikavaa koti juu yake, nikaita mahudhurio ya wanawake wote waliokaa mkekani, aliyechelewa kuitika nikamsimamisha, Twalibu akaitwa kutoka upande wa wanaume akapiga magoti kama alipoadhibiwa zamani darasani, kisha nikalala chali katikati ya ua nikasema, "Huu ndio mlima pekee wilaya hii, njooni mpime." Walinichora, Bi Warda. Vikongwe walishika chaki. Bi Fatu alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, na hata mimi niliyetakiwa kuwa mlima uliotulia nikawa natikisika, Twalibu akapiga kelele kwamba ni tetemeko.

Kesho yake akafika dada mkubwa wa Mwalimu, Bi Mwanahawa, kutoka Muheza, alichelewa maziko kwa sababu ya ugonjwa wa miguu. Mimi nilikuwa jikoni nanyonyoa kuku. Nikasikia wanawake wanamsimulia sebuleni habari za mtani, wanacheka, kisha nikasikia sauti yake, nzito, pole pole, "Mtani gani? Sisi Wabondei, tangu babu wa babu. Ni nani aliyejilaza kwenye matanga ya mdogo wangu na mto tumboni?" Nikaweka kuku chini. Nikatoka mlango wa nyuma. Koti nilikuwa nimelivaa, kulikuwa na manyunyu, kwa hiyo nikaondoka nalo, na mfukoni mna vipande vitatu vya chaki.

Mama yangu nilipomweleza alishika kichwa, akasema nimechezea msiba wa watu wasionihusu na nimetia aibu ukoo mzima, nikaombe radhi kwa magoti. Twalibu anasema nilifunge koti kwenye mfuko, yeye atapita mbele ya nyumba alirushe barazani bila kuzima pikipiki. Na juzi Bi Fatu kamtuma huyo huyo Twalibu, "Mwambie Swaumu wifi yangu hajaondoka, anakaa mpaka arobaini, na kila siku anamuulizia mwenye koti." Nimekosa usingizi. Sitaki kuipoteza nyumba ile, Bi Warda, ndiyo nyumba pekee hapa Kibiti ambayo nikiingia mtu ananiuliza nimekula.

Na kuna jingine la aibu zaidi. Sijalia. Hata tone. Kila nikikaa nikijiandaa kulia naona kitambi kinapanda na kushuka na nacheka peke yangu dukani, wateja wananitazama, juzi nimedurufu cheti cha mtu upande mtupu mara sita. Je, niende au nisiende? Na mtu anayecheka siku ishirini na tisa kwa msiba wa aliyemwokoa, ana moyo kweli?

Ni mimi Swaumu, Kibiti.

*

Swaumu mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilipofika kwenye vikongwe na chaki miwani iliniingia ukungu nikashindwa kuendelea. Sasa nimeifuta, tuongee. Na kabla ya yote, yule kuku alimaliziwa na nani? Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili unaacha kuku nusu ana manyoya na unatoroka kwa mlango wa nyuma katika nyumba ya msiba, halafu unaniuliza kama una moyo. Moyo unao, ulichokosa siku ile ni subira ya kusikia sentensi ya pili. Ulisikia mgeni anauliza "ni nani" ukajihukumu mwenyewe, ukajifunga mwenyewe, na mpaka leo umekaa jela umelikalia koti.

Hebu tumia akili aliyokulipia Mwalimu kwa Jumamosi nne za mtumbwi. Bi Fatu ni mke wa mtu yule. Mke hajui kabila la mumewe? Hajawahi kwenda Muheza kuwaamkia wakwe? Alijua tangu zamani kwamba wewe si mtani wa mumewe, alikuangalia kidogo, umeandika mwenyewe, kisha akaingia ndani akakuletea koti akakuvisha. Yeye ndiye mwenye msiba na yeye ndiye aliyekupa ruhusa, na wewe umemkimbia karibu mwezi mzima. Yumo kwenye eda, mwanangu, hawezi kutoka kukufuata. Anachoweza ni kutuma salamu kwa bodaboda, na ametuma.

Na irudie ile habari ya siku ya kwanza darasani. Aliulizwa kabila gani, hakujibu, akawauliza kwanza watani wenu ni akina nani, mlipomtajia ndipo akawa huyo. Hivi mmekaa na hadithi hii miaka yote hii hamjaiona? Mngesema Wamakonde angekuwa Mmakonde asubuhi ile ile. Alikuwa mtu mgeni, kaletwa kwenye bonde asilolijua, mbele ya watoto wanaomwogopa, akatafuta njia ya kuruhusiwa kuchekwa. Basi aliipata, na akakaa ndani yake mpaka anakufa. Mimi simlaumu, na wewe huna haki ya kumvua utani huo sasa wakati hawezi kujitetea.

Tuje kwa mama yako, ambaye namheshimu, lakini mpelekee swali langu hili. Kama utani ule haukuwa wa kweli, basi Mwalimu Abdulrazaq naye hakuwa na haki siku aliyovaa kanzu ya mumewe na kulalamikia chumvi. Alikuwa Mbondei amejiingiza kwenye msiba wa watu wasiomhusu. Je, mama yuko tayari kukirudisha kile kicheko? Yuko tayari kuurudisha ule uji? Akisema ndiyo, nendeni mkapige magoti wote wawili. Akisema hapana, na nadhani ndivyo atakavyosema, mwambie avae baibui lake mwende pamoja.

Huyo Twalibu wako mwambie nimesema aendeshe pikipiki tu, mambo ya watu wazima ayaache. Koti la marehemu halirushwi barazani kama gazeti.

Lakini usijione umeshinda kesi, kuna mtu umemkosea kweli, naye ni Bi Mwanahawa. Hukumkosea kwa kumwiga ndugu yake. Umemkosea kwa kukimbia. Mama mtu mzima, miguu inamuuma, kasafiri kutoka Muheza mpaka Kibiti, kafika kaburi limeshafukiwa, watu wameshaanua, na kila mtu anacheka kwa kitu ambacho yeye hakukiona. Anasikia mdogo wake huku alikuwa mlima. Kwao labda alikuwa mtoto mkimya wa kuchunga mbuzi, nani ajuaye. Anayeweza kumweleza ni mwenye koti, na mwenye koti kila siku haonekani. Ningekuwa mimi ningeulizia pia, na ningeulizia kwa sauti nzito.

Kwa hiyo usingoje arobaini, siku hiyo kuna masheikh, kuna wali, hakuna nafasi ya kuzungumza. Nenda kesho kutwa, asubuhi, na mama yako, na kuku mzima uliyemnyonyoa mpaka mwisho. Ingia mlango wa mbele. Anza na Bi Mwanahawa, shikamoo yako iwe ya chini, kisha useme jina lako na useme, "Mimi ndiye niliyejilaza." Usimsubirishe hapo. Mweleze yote kwa mpangilio, meza, uzi, rula, matope ya Nyamisati, dungu na mtumbwi, na mwisho baba yako na chumvi. Asipocheka usijali, mweleze tu. Halafu livue koti na chaki zake zikiwa humo humo mfukoni, umkabidhi mkononi, kwa sababu ni la mdogo wake.

Na hapo ndipo utakapolia, mwanangu, usiniulize nimejuaje. Umecheka siku ishirini na tisa kwa sababu koti unalo, na Mwalimu kwako bado yupo juu ya meza amefumba macho. Likikutoka mikononi utalia vizuri tu, na wenzako wapo watakushika. Kucheka kwako si kukosa huzuni, ndivyo alivyokufundisha mwenyewe kuomboleza, tangu msiba wa baba yako.

Baada ya hapo uamuzi ni wake. Akilikunja akaliweka kwenye begi lake aende nalo Muheza, mshukuru, kaa ule, na siku ya arobaini ukahudumie wali kama watoto wengine wa nyumba. Lakini kuna uwezekano, mimi nauona kutoka hapa nilipokaa, kwamba yule mama atalishika koti, alitazame, kisha akurudishie na kusema, "Hebu nami nione." Kwa hiyo ukiingia sebuleni, kaa karibu na ule mto wa kochi.