Mkono Mmoja, Miguu Miwili

Chicago, Machi 1926

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Mama hajambo? Na mkono wako wa kushoto, vidole vimeanza kukunjika? Dada Eulalie ameniandikia kwamba tangu upooze umeigeuzia ukutani ngoma yako kubwa, na gwaride likipita mtaani unafunga dirisha. Baba, habari hiyo imeniuma sana.

Sasa sikia ya huku. Tunapiga muziki chumba cha chini, juu yetu dobi. Serikali imepiga marufuku pombe, basi watu wanainywa kwa vikombe vya chai na kuisifu chai yenyewe. Chumba ni finyu. Huko nyumbani New Orleans gwaride lina mtu wa ngoma kubwa, wa ngoma ndogo na wa matoazi; hapa wote watatu ni mimi, tena nimeketi. Ngoma kubwa naipiga kwa kanyagio la mguu wa kulia. La kushoto lina matoazi mawili yaliyolaliana, nikikanyaga yanagongana: cha! Najua unacheka. Uliwahi kusema anayepiga ngoma kwa kiatu ni mvivu wa kutembea.

Jumapili mchana watu walijaa hadi kwenye ngazi. Kiongozi wetu, Hosea Pruitt wa tarumbeta, akaanzisha ule wimbo wa kasi anaowakomesha nao wapiga ngoma. Nikakanyaga. Wee! Watu walicheza mpaka chai ikamwagika, na mama mmoja akapanda mezani akipiga kelele kwamba huyu kijana aozwe leo leo. Hosea akaishiwa pumzi kabla yangu! Akageuka anitukane kwa furaha, macho yakamtoka, akaniuliza we chizi au vipi.

Baba, mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa mkanda. Tangu ile barua ya Eulalie nimekuwa nikijifunza hivyo kila asubuhi, maana sikutaka kukuambia jambo nisilolijaribu mwenyewe. Linawezekana! Nilipomweleza Hosea ni kwa ajili ya nani, alisema kama mzee bado ana miguu miwili, aletwe, kiti chake kipo.

Nisalimie Mama na majirani wote. Eulalie akufungulie hilo dirisha. Tiketi ya treni imo humu ndani, na tafadhali njoo na viatu vya soli ngumu.

Mwanao akupendaye,
Leonce