Bendera Iliyokwenda kwa Fundi

4 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia na cherehani haijaanza tena vituko vyake. Mimi mzima wa afya, ila jua limeniunguza mpaka mpishi wetu anadai gizani ananitambua kwa meno tu.

Kusikia unakuja nilifurahi mpaka nikaruka. Miaka yote nakusimulia bahari, sasa utaiona kwa macho yako. Lakini kwa kuwa nakujua, nakupa masharti yale yale ninayowapa wageni wa hoteli kila asubuhi. Hakuna upendeleo.

Usije na viatu vya kufunga, mchanga utavimaliza. Njoo na ndala, na usiziache kibarazani usiku maana huku ndala zinatembea zenyewe. Usikae chini ya mnazi hata kivuli kikikuita vipi; nazi haipigi hodi. Jua la saa sita usilidharau, na maji ya kunywa usisubiri kiu. Ukiingia baharini buruta miguu taratibu, kuna samaki mwenye mwiba hujilaza mchangani na hapendi kukanyagwa. Anayekuita "mama mzuri" ufukweni anauza kitu. Cheka naye, upite.

La mwisho si mzaha. Mbele ya hoteli yetu miamba ina uwazi, tunauita mlango. Maji yakianza kupwa yote hupitia hapo, na mtu mzima huenda nayo kama jani. Ubaya wake, pale mlangoni mawimbi hayavunjiki, panaonekana pametulia kuliko kwingine, kwa hiyo mgeni hupakimbilia hapo hapo. Ukivutwa usishindane na maji, ogelea pembeni mpaka yakuachie. Wewe huogelei, basi sharti lako ni moja tu: ukiona bendera nyekundu kwenye mlingoti wangu, usiguse maji. Bahari ikiwa imejaa na kutulia, huwa siiweki.

Na usije ukaicheka bendera yenyewe. Imeliwa na jua na upepo, imebaki tambara. Mpya iko stoo, ndani ya mfuko wake. Nimeiomba mpaka nimechoka. Meneja anasema ya zamani bado ni nyekundu.

Kitinda mimba wako,
Bata


15 Juni

Mwanangu Bata,

Marahaba. Huku sote tu wazima, isipokuwa magoti yangu ambayo siku hizi yanaamka kabla yangu. Cherehani imetulia tangu niipige kofi.

Masharti yako nimeyasoma, kisha nikamsomea jirani, akacheka mpaka akaomba maji. Yaani mimi niliyekufundisha kuvaa suruali, leo unanifundisha kuvaa ndala! Haya, nimezinunua. Na huyo wa "mama mzuri" aje tu. Tangu baba yako afariki hakuna aliyeniita hivyo, nitanunua chochote anachouza.

Ila hilo la bendera limenichoma. Mtoto wa fundi anasimama mbele za watu na tambara! Wageni wakiuliza mama yako anafanya kazi gani utawajibu nini? Nina kitambaa chekundu kizito kilichobaki kwenye sare za shule. Na huyo meneja wako anayeficha kitu kipya stoo, nina maneno naye.

Nakuja na basi la Alhamisi ya wiki ya mwisho ya mwezi huu. Usijisumbue kutandika, nitatandika mwenyewe maana najua unavyotandika.

Mama yako


9 Julai

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Nilifika salama, miguu imevimba kidogo lakini moyo mweupe. Jirani hajapata nafasi ya kuzungumza tangu nirudi. Namweleza bahari, namweleza wewe ulivyosimama pale na filimbi yako shingoni, watu wazima wanakutii. Sikukwambia uso kwa uso kwa sababu ungevimba kichwa, lakini najivunia wewe mwanangu. Nilikuangalia nikasema, huyu nilimzaa mimi.

Sasa nikuibie siri. Asubuhi ile ya safari, ulipokwenda kuniitia pikipiki, nilichungulia nje nikaona tambara lako limesahauliwa mlingotini tangu jana yake, na bahari imejaa, imelala kama maji ya beseni. Nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Nikalishusha, nikalikunja, nikalitia mkobani chini ya nguo. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikusema. Na nilikuwa na hesabu nyingine: tambara lisipokuwepo, meneja atakwepa wapi? Itabidi atoe ile ya stoo. Mama yako hakwenda shule sana lakini si mjinga!

Nimelishona upya. Nimeweka kitambaa kizito nyuma, pindo nimelishona mara mbili, na pale pa kamba nimetia mkanda wa begi. Sasa utakuwa na mbili. Liko ndani ya mzigo huu, nimemkabidhi utingo wa basi. Niandikie upesi uniambie meneja alifanya uso gani.

Mama yako mzuri (usicheke)


2 Agosti

Bata,

Hujambo mwanangu? Huku tunaendelea.

Sijapata neno lako. Utingo anasema mzigo aliuacha kwa mpishi kwa sababu wewe hukuwepo. Ulikwenda wapi? Kama umenikasirikia kwa ajili ya lile tambara, sema. Nitakuomba radhi, haitanipunguzia kitu. Kama unaumwa, sema pia. Kimya ndicho nisichokiweza.

Jana nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


13 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilizidi.

Bendera nimeipata. Ni nzuri sana mama, kushona kwako hakuna mfano. Nimeitunza mahali pazuri.

Pale hotelini kwa sasa sipo, nimebadilisha kazi kidogo. Barua zako mpe utingo azifikishe kwa mpishi, yeye ataniletea. Ninakula vizuri. Nakuomba kitu kimoja: ile habari ya bendera ulivyoichukua, usimsimulie mtu. Watu wanapenda kugeuza maneno.

Msalimie jirani.

Mwanao


24 Agosti

Mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu utanidanganya.

Mimi nilikuzaa, sikukuokota. Barua nzima hakuna mzaha hata mmoja! Umeandika "Mwanao" kama unaandikia benki. Nilimbana utingo hapa mlangoni kwangu, nikamzuia kuondoka mpaka aseme. Akasema kuna mtoto wa kike alizama pale hotelini, mtoto wa wageni, siku hiyo hiyo niliyoondoka. Akasema mlinzi wa ufukweni amewekwa ndani kwa sababu hakupandisha bendera.

Tangu hapo nimekaa na jambo moja kifuani, silali nalo wala siamki nalo vizuri. Ile asubuhi, bendera ilikuwa imesahauliwa tangu jana yake kama nilivyodhani? Au ulikuwa umeipandisha wewe?

Nijibu hilo tu. Mengine nitayabeba.

Mama yako


5 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika jibu hili nikalichana, nikaandika tena. Wewe ulinifundisha kwamba uzi ukiingia vibaya unafumuliwa, haufichwi. Basi.

Niliipandisha mimi. Niliamka kabla yako. Maji yalikuwa yamejaa, ndiyo, lakini nilijua yangeanza kupwa wakati niko stendi nawe, na mlango ungefunguka nikiwa sipo. Nikaiweka mapema ili isemee badala yangu. Kosa ni langu, sikukueleza. Nilitaka twende kwa pikipiki tukicheka, nikakuonyesha duka la vitambaa, nikakaa nawe mpaka basi likageuza kona.

Niliporudi watu walikuwa wamejaa mchangani. Nilimfuata mtoto nje ya miamba, nikampata, nikamrudisha. Nilimpulizia pumzi mpaka mpishi akanishika mabega akaniambia basi. Mama wa mtoto alikuwa amesimama na taulo mkononi. Alinisemesha neno moja tu, akasema, "Bendera ilikuwa wapi? Tuliangalia kwanza." Masharti walikuwa wameyasikia, mama yangu, niliwapa mimi mwenyewe jana yake, na waliyafuata. Hilo ndilo linaloniua.

Mwanzoni niliwaapia polisi kwamba niliipandisha. Meneja akasema hakuna aliyeiona. Kisha mpishi akaniletea mzigo wako na barua. Nikaisoma, nikaita askari, nikabadilisha maelezo. Nikasema nilisahau. Bendera nilimrudishia mpishi, ameificha chini ya godoro lake.

Usinililie. Mimi ni kijana, humu ndani nitaelea. Wewe magoti yako hayawezi sakafu hii.

Ukitaka kuja kunitazama, masharti ni haya. Siku ya wageni ni Jumamosi, njoo mapema maana foleni inazunguka ukuta. Njoo na ndala, viatu vya kufunga wanavivua. Usije na mkasi. Najua unatembea nao. Chakula utaonjeshwa mbele yao, usikasirike. Usilie mbele ya askari, wakiona machozi wanakata muda. Usinishike mkono juu ya meza mpaka waangalie pembeni.

La mwisho si mzaha. Bendera usiitaje. Kwa askari, kwa wakili, kwa mtu yeyote. Nakuomba kwa jina la baba.

Bata wako


6 Oktoba

Mwanangu Bata,

Hujambo? Mimi sijambo, nakuandikia chumbani kwa mpishi. Nimefika juzi. Kwako sijaja kwa sababu najua ungenizuia.

Nilianza kwa mama wa yule mtoto. Mpishi aliniambia hajarudi kwao tangu mazishi. Mumewe karudi, yeye kapanga chumba nyuma ya soko, na kila kesi yako inapotajwa anakwenda kukaa benchi la nyuma. Nilimkuta anafua. Nikamsalimu, akaniletea kigoda, akanikaribisha maji akidhani nimepotea njia. Niliyanywa yale maji mwanangu, na sijui nilimezaje.

Kisha nikamwambia. Bendera ilikuwepo, iliwekwa na mwanangu, niliyeitoa ni mimi. Nikamwambia ilikuwa mkobani kwangu, chini ya nguo, nami niko dirishani kwenye basi natabasamu peke yangu. Sikupunguza kitu.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alikamua ile nguo, akaikamua tena wakati maji yalikwisha kutoka. Halafu akaniuliza, "Na sasa pale mlingotini ipo?"

Nikasema sijui.

Akajifuta mikono, tukaenda. Mlingoti ni mtupu, hata kamba wameikata. Mlinzi mwingine hawajaweka, na ile bendera ya stoo bado iko stoo. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, na watu wamejaa palepale mlangoni, pametulia kama ulivyoniandikia, watoto wamekalia maboya wanacheka. Nilimwita mpishi akaleta ile ya chini ya godoro. Kwa kuwa hakuna kamba tuliishika wenyewe, mama wa mtoto pembe moja, mimi pembe nyingine, tukasimama majini mpaka magotini tukipiga kelele. Waliotoka walikuwa wachache. Kuna mmoja alituuliza tunauza kitambaa bei gani. Meneja alituma mtu atuondoe, hatukuondoka. Tulisimama mpaka maji yakamaliza kupwa, na siku hiyo hakuna aliyepotea.

Yule mama hajanisamehe. Sikumwomba pia, ningeanzia wapi? Njia nzima ya kurudi hakunitazama. Lakini kesho nakwenda polisi na hii bendera, na amesema atakuja, kwa sababu anataka kusikia nikilisema mbele yao kama nilivyolisema kwake.

Umenibeba vya kutosha mwanangu. Nilisoma barua yako nikajua umekuwa mtu mzima, na nikaumia kwamba umekulia humo. Nakupenda. Hilo nalo sikukwambia uso kwa uso.

Ndala ninazo. Mkasi nimemwachia mpishi, uuchukue kwake ukitoka. Na yale masharti ya Jumamosi yaweke vizuri, usiyasahau. Utayahitaji ukija kunitazama.

Mama yako