Honorable na uyoga wa Lokandu

Julie, kaa chini kwanza. Kidogo tu wangenifunga leo juu ya uyoga!

Unajua ile chumba kwetu kazini, kwenye ninachungaga uyoga mukavu ya zamani, ya masomo, haiko ya kula. Leo dokta mumoja mugeni akafungua anvelopi ya uyoga yenye walitosha kule Lokandu, mwaka 1954. Ndani hamuna kitu!

Honorable Kalumba, ule mubunge, mugeni wetu wa heshima, akasimama: «Wakati ya vita nilikuwa komanda hapa. Nililinda hii nyumba na kifua yangu! Muchungaji njo mwizi, mumufunge!»

Muchungaji njo mimi, Julie. MIMI! Polisi wake akanikamata mukono.

Dokta masikini akasoma anvelopi: «Haijulikani kama watu wanaikula.» Akatikisa kichwa: «Mwenye aliikula, labda alikufa.»

Honorable akaruka: «Kufa nini? Tulimaliza sufuria muzima na mafuta ya mawese, hata tumbo haikuuma!»

Sufuria MUZIMA, Julie! Kifua gani? Tumbo njo ililinda!

Polisi akaachilia mukono yangu, akageuka kwa ukuta, mabega inatetemeka na kicheko.

Dokta akatoa kalamu, akaandika kwa anvelopi: «Inalika.» Halafu, na heshima yote: «Ilikuwa mwaka gani, Honorable?»