Laka Haiachi Kukauka

Jumatatu, 3 Machi

Mama amelileta gitaa karakana. Amelibeba mwenyewe, mkono mbali na mwili, kama mtu anayerudisha kuku wa jirani.

Amesema nilipige msasa lote, nilipake rangi nyeusi. Anahamia kwangu mwisho wa mwezi, nyumba imekuwa kubwa mno tangu Baba atutoke. Hataki rangi yake hiyo ya kijani imfuate.

Kisa nakijua. Nani asiyekijua kwenye ukoo huu? Mama Mdogo alikuwa mpiga gitaa wa bendi kabla sijazaliwa. Alipoolewa mbali alimwachia Mama, dada yake, amtunzie gitaa — la bluu, linang'aa kama kioo. Aliporudi, baada ya miaka na mikaka, akakuta ukutani gitaa la kijani, limejaa nyufa. Hakuligusa hata kuligusa. Akasema dada ameliuza lake na kutundika bandia, akatoka. Na picha za enzi zile zote ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo hakuna wa kumwumbua mwenzake.

Mama hakujibu. Hata neno! Tangu hapo hawasemezani. Hata kwenye msiba wa Baba walikaa huyu huku, huyu kule. Mimi ndiye mjumbe: mwambie mama yako, mwambie huyo mama yako mdogo. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi — nyasi ndiyo mimi.

Nimemwahidi Mama litakuwa tayari Jumamosi. Makochi ya mteja kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeliona. Nilikua chini yake, lilikuwa sebuleni mkabala na dirisha, lakini kuliona hasa ni leo.

Nyufa zile! Nyembamba kuliko unywele, mamia, zinakatiza nyuzi za mbao kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipitisha kidole husikii kitu. Ukiligeuzia mwanga zinatokea zote kwa pamoja. Nimeligeuza mara sijui ngapi, kama mtoto na kioo.

Kazi yangu ni laka, vanishi ya kung'arishia mbao. Napuliza kabati, mteja anagonga kwa kucha, anasema imekauka, anaondoka nalo. Kumbe imeanza tu! Laka hii ya zamani haiachi kukauka. Mwaka hadi mwaka inajikaza, inakuwa ngumu, inakonda. Mbao chini yake bado inapumua — mvua ikija inavimba, joto likija inasinyaa. Laka inaifuata, inaifuata, mpaka siku inashindwa. Hapo inapasuka. Nilikuwa nalijua hilo kwa kichwa. Leo nimelijua kwa macho.

Nikalitoa stoo kwenye ubaridi, nikaliweka juani nilione vizuri. Likasema — tik! Mbele ya macho yangu ufa mpya ukatembea, taratibu, kama mtu anayetafuta njia, ukasimama. Nikabaki mdomo wazi. Ufa umezaliwa nikiwa nimeushika! Nikalirudisha kivulini mbio.

Fundi Waya, anayetengeneza redio na maspika banda la pili, alinicheka. Yeye huniita Msasa, kwa sababu ya ulimi wangu. Amesema wateja wote wameshindwa kuninyamazisha, nimenyamazishwa na ubao.

Acha acheke. Na hiki ndicho nimeambiwa nikikwangue.

Jumatano, 5 Machi

Makochi, makochi, makochi. Mteja amebadili mawazo, sasa anataka rangi ya kahawia. Nimemeza maneno.

Jioni nimefungua nyuzi za gitaa. Nimelilaza juu ya vipande vya tyubu ya gari, kama ninavyolaza milango, lisiteleze. Kesho msasa. Roho inanisuta lakini neno la Mama ni neno la Mama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeharibu! Jamani nimeharibu!

Asubuhi nimelinyanyua, tyubu zikanyanyuka nalo. Zimeng'ang'ania mgongoni kama ruba. Nimevuta moja — ikatoka na ngozi ya laka.

Nikamwita Fundi Waya. Akashika kiuno. Laka ya zamani na mpira havilali kitanda kimoja, kasema, mpira unailainisha mpaka inakuwa gundi. Kila mpiga gitaa analijua hilo. Angeniambia kama ningeuliza. Ahsante sana! Sisi wa samani kila kitu tunakilaza kwenye mpira, laka zetu za siku hizi hata hazijali. Ningejuaje?

Nilikuwa karibu kulia. Halafu nikatazama pale palipobanduka.

Si kijani.

Nikasogea mlangoni kwenye mwanga. Nikachukua kitambaa, tone la thina ya kuyeyushia rangi, nikafuta pembeni kidogo, kidogo sana. Kitambaa kikaja na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikakinusa, sijui kwa nini. Sigara! Sigara za Baba. Kila jioni alikaa kwenye kiti chake chini ya gitaa lile, akavuta, akasikiliza habari. Nikakaa juu ya ndoo.

Kisha nikachukua bisibisi. Mbele, pale zinapopita nyuzi, kuna bamba la plastiki la kuzuia mikwaruzo. Halijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Nikalitoa.

BLUU!

Bluu kama imepakwa leo asubuhi! Bluu ya anga baada ya mvua, yenye umbo lile lile la bamba, na kuizunguka pande zote kijani kile ninachokijua tangu utoto. Sijawahi kuona kitu kama hiki na nimepaka rangi nusu ya umri wangu.

Juu ya bluu walikuwa wamepuliza laka isiyo na rangi. Jua la dirishani, umri, moshi wa Baba — laka ikageuka manjano. Manjano juu ya bluu. Mtoto wa chekechea atakwambia inatoka nini! Ukoo mzima haukujua.

Hakuna aliyeuza kitu. Hakuna aliyebadilisha kitu. Ni lile lile.

Nimempigia simu Mama Mdogo aje Jumamosi karakana. Akauliza, mama yako atakuwepo? Nikasema hapana. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafanya kazi ya maana. Kila baada ya kitambo naenda kufunua kitambaa. Bluu bado ipo. Utadhani nitaikuta imekimbia.

Wasiwasi umeniingia. Mimi ni mpuliza rangi! Mama Mdogo atasema nimeipaka mwenyewe ili niwapatanishe. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Nimemuuliza Fundi Waya kama atanishuhudia. Amekubali, kwa sharti nisimwite shahidi mbele ya mkewe, atadhani kuna kesi.

Lakini nimechungulia tena, nikaona. Kuna ufa unaoanza kwenye kijani, unavuka mpaka, unaingia kwenye bluu, unazidi kufifia mpaka unapotea. Ufa mmoja, rangi mbili! Sina mkono wa kuutengeneza ule. Ni miaka tu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika juu ya meza ya kazi, wote wapo hapa. Sina la kufanya na mikono yangu ila hili.

Mama Mdogo alitangulia. Marashi, mkoba, kilemba. Alipoliona tu gitaa akakunja uso. "Hilo tena? Umeniitia hilo?" Nikaondoa bamba nililokuwa nimelirudishia asubuhi.

Mama Mdogo akainama. Akaweka kidole pale bluu inapoanzia, akakizungusha mpaka kikarudi kilipotoka. Nikamweleza. Nikamwonyesha ufa wangu. Hakuuliza kuhusu shahidi.

"Mbona dada hakujitetea?" akasema. "Hicho ndicho kilichoniumiza, mwanangu. Asiye na kosa hupiga kelele."

Hapo Mama akaingia, amekuja kuchukua gitaa. Akamwona mdogo wake, akageuka aende zake. Nikamshika mkono. Mama, tazama kwanza.

Mama Mdogo alisimama. Akasema, "Dada, nisamehe." Hivyo tu! Miaka yote ile, na neno limetoka jepesi kama hodi. Nilijiandaa kwa vilio na kukumbatiana, leso nilikuwa nayo mfukoni.

Mama hakumtazama. Alitazama bluu. Aliniuliza nani ameipaka. Nikamweleza jua, umri, moshi. Akataka nirudie. Nikarudia.

"Kwa hiyo halikuuzwa."

"Halikuuzwa, Mama."

"Hata ile mara baba yako alipolipeleka kwa fundi, likakaa huko?"

"Ndilo hili hili alilolirudisha."

Akakaa kwenye kochi la mteja, juu ya nailoni yake. Akaanza kusema, pole pole, si kwa yeyote. Kwamba alilifuta vumbi kila wiki na hakuona likibadilika. Siku mdogo wake alipopiga kelele ndipo alipotazama, akaona kweli, kijani. Akamuuliza Baba, mara moja tu: umeliuza la mdogo wangu? Baba akasema hapana. Hakumwamini. Hakumuuliza tena. Akanyamaza mbele za watu ili amfichie aibu mumewe. Kila jioni alimwona amekaa chini ya gitaa lile anavuta sigara, akasema moyoni, mtu huyu ana moyo wa jiwe.

"Hospitalini, siku ya mwisho," akasema, "nilimwambia nimekusamehe. Akaniuliza, kwa lipi? Nikamwambia, unalijua."

Mama Mdogo alikaa chini, sakafuni kabisa, kwenye vumbi la mbao, na nguo yake nzuri ile. Fundi Waya alizima redio.

Mama ameinuka. Ametoka uani, ninakoanika milango. Amesimama katikati ya milango ya watu, ametupa mgongo. Mama Mdogo ananiuliza, nimfuate? Ameuliza mara mbili. Sijui nimjibu nini. Kutoka hapa nauona ubavu wa uso wa Mama, na midomo inacheza. Mama anaongea. Ananyamaza kidogo kama anayesubiri Baba ajibu, halafu anaongea tena.