Mchuzi Usio na Chumvi

Bi harusi wangu mwenye hasira,

Nimekwenda kwa fundi kuchukua gauni lako. Maharage yako jikoni, yapashe moto, lakini onja kwanza.

~~Asubuhi umenivunjia heshima mbele ya mpishi.~~

Basi, hiyo nimeifuta. Mpishi kaleta sahani zake tuchague chakula cha harusi, nami kila nilichoonja nikakisifu, hata ule mchuzi aliosahau kuutia chumvi. Ukaniambia, "Mama, hata harusi yangu huijali?" Sikutaka kukueleza mpishi akisikiliza.

Mwanangu, tangu ile homa iliyonilaza, ulimi wangu haushiki ladha. Asali na maji kwangu mamoja. Sikukwambia kwa sababu nakujua, ungeahirisha harusi. Unadhani humu ndani napikaje? Nakupakulia wewe kwanza, halafu nakutazama usoni. Ukikunja uso, naja mbio na kichupa cha chumvi, eti nilipitiwa.

Kwa hiyo nyama na mchuzi chagua mwenyewe. Keki tu nakuomba iwe ya limau, ule ukali bado nauhisi kidogo, na siku hiyo nami nataka kula kitu kweli.

Mvua ikinyesha anua nguo. Na usilie, utavimba macho, gauni linajaribiwa jioni.

Pale mezani nilikuwa nawaza jambo moja: ukishakwenda kwako, nitamtazama nani usoni?

Mama