Siku Moja au Mbili za Daktari

Itigi, Alhamisi

Dada Monika, shikamoo.

Huku jua linakausha hata mate, na vumbi la stesheni linaingia mpaka kwenye uji wa baba. Siku tuliyofika hospitali, daktari Mzungu alisema, “A day or two.” Mimi msomi wenu nikamtafsiria baba: siku moja au mbili tunarudi Ilongero. Tangu hapo kila asubuhi anavaa katambuga zake za matairi, anakaa kitandani na fimbo mkononi, anangoja. Leo ni siku ya tisa. Muuguzi, mama mmoja wa Kigogo, alinicheka: “Wakisema hivyo hawahesabu, mwanangu. Ni kama sisi na siku mbili tatu zetu.”

Leo asubuhi daktari aliniita nje, akasema maneno yale yale, lakini hakuwa anazungumzia kurudi nyumbani. Muuguzi hakucheka.

Baba akaniuliza, “Kasemaje?”

“Siku mbili tatu, baba.”

Akaninyooshea miguu nimfunge katambuga.

Kadi hii nampa dereva wa basi, posta itachelewa. Mwambie mama aache kukoroga pombe ya kumpokea baba, mje wote. Nawapenda. Safari hii, dada, siku hizo zihesabu.

Mdogo wako,
Yohana