Dani, Nilimwambia Daktari ni Tumbo

Dani, bibi yangu,

Mahali pako sokoni Rodi Kopany hapajachukuliwa tangu tukuzike. Min Otieno, jirani yako wa kuuza njugu, ameweka gunia tupu hapo ili mtu asikae. Ndiye aliyekutania ulipoanza kukalia upande mmoja: "Nyar Ndhiwa," yaani binti wa Ndhiwa, "leo umeatamia mayai?" Ulicheka. Nilikuwa nimekukunjia leso mara nne uikalie, na bado uliumia.

Kuna jambo sijamwambia mtu.

Siku ile kule zahanati, daktari hakujua Dholuo, ukanitegemea mimi, mjukuu wako msomi. Ulinieleza yote bila aibu: damu, uvimbe, na mahali penyewe. Nikamtazama yule daktari kijana, uso ukaniwaka, nikasema, "Tumbo linamsumbua." Akatupa dawa za tumbo. Ulizimeza zote, Dani. Ukawaambia watu nyumbani kwamba nilikusemea vizuri.

Miezi ikapita. Tulipofika hospitali ya Homa Bay, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye ini.

Muuguzi mmoja huko alinieleza, nami nimeendelea kusoma. Saratani ya mkundu ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za saratani, na wengi hupona bila upasuaji. Bila kisu, Dani. Wewe uliyeogopa kisu, na kile kifuko cha choo tumboni, kuliko kifo. Zipo pia dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili ipigane yenyewe, hata kwa ugonjwa uliosambaa. Hapa kwetu sijamwona aliyezipata. Nikifika ukurasa huo nafunga kitabu.

Wiki jana Min Otieno alinivuta kando. Naye anatoka damu. Kiswahili chake ni cha kuuzia njugu tu, akaniomba nimsindikize. Tulimkuta daktari yule yule.

"Anatoka damu mkunduni," nilisema. "Tafadhali mpime."

Hakucheka. Alivaa glavu, akampima, na siku hiyo hiyo akaandika barua ya kumpeleka Homa Bay.

Ilikuwa sentensi moja, Dani. Moja tu.

Nisamehe. Sijui kama ni saratani. Jumatatu tunaenda huko achukuliwe kipimo. Nakuahidi nitamsemea kila kitu kama atakavyokisema, hata wakijaa madaktari kumi chumbani. Nitabeba leso yako, nimkunjie mara nne aikalie.

Oriti, kwaheri, Dani. Pumzika.

Mjukuu wako,
Atieno